Gari la Kwenda Barafuni

Juzi mume wangu alirudi na kanzu iliyodondokewa na nta ya mshumaa. Nikafanya kama nilivyofundishwa: nikaweka karatasi juu ya doa, nikapitisha pasi ya moto polepole ili karatasi inyonye ile nta. Harufu ikapanda. Ni harufu ndogo, ya mafuta yaliyoungua kwa mbali, na mtu mwingine asingeigeuzia shingo. Mimi nilizima pasi nikakaa kitako kitandani, na kwa muda nikawa tena mtoto wa Satwa, mtaa wa zamani wa Dubai, aliyetega sikio kwenye mlango wa friji akimsikilizia mama yake.

Namshukuru Mwenyezi Mungu kwa malezi niliyopata. Leo nasomesha Kurani watoto wa majirani hapa Al Nahda, sebuleni kwangu, na wananiita Bi Mkubwa ingawa wapo wanawake wengi katika jengo hili walionizidi umri. Sina kinyongo na mtu katika haya ninayoyaeleza. Nayaandika kwa ajili ya wenzangu wa rika langu, tuliokulia katika nyumba za kupanga za mji huu, wakubwa wetu wakizungumza mambo mazito juu ya vichwa vyetu kwa kudhani hatusikii. Tulisikia. Tulichokosa ni mtu wa kutuambia maana ya tulichosikia.

Tulikaa vyumba viwili nyuma ya mtaa wa mafundi cherehani, Baba, Mama na mimi. Baba alizaliwa Unguja, na nyumbani kwetu kilisemwa Kiunguja tu, hata kama nje ya mlango ilikuwa Kiarabu, Kihindi na Kiingereza kwa zamu. Mama aliugua muda mfupi. Siku moja alikuwa anakanda unga huku akinisomesha alifu be te, siku nyingine alikuwa hospitali, na baada ya hapo nikapelekwa kwa jirani nikalale huko. Jirani alinipa biskuti nyingi kuliko kawaida. Hilo peke yake lingenitosha kujua kwamba kuna jambo.

Niliporudishwa nyumbani, Shangazi Zuhura, dada yake Baba, alikuwa amekuja kutoka Sharjah na masanduku yake. Alikuwa jikoni, amenipa mgongo, anazungumza kwa simu na watu wa Unguja. Zile simu za zamani mtu alilazimika kupiga kelele.

"Bado!" alisema. "Wamemweka kwenye barafu. Ndiyo, kwenye barafu. Tunangoja ruhusa tu. Ruhusa ikitoka tutamtoa, inshallah."

Aligeuka akaniona. Akafuta macho kwa ncha ya kanga, akanikumbatia, akasema, "Mama yako amesafiri, Ruku. Amekwenda kwa Mwenyezi Mungu. Wewe muombee tu."

Siku zilizofuata nilirudishwa tena kwa jirani, tena kwa biskuti. Kisha nyumba ikajaa watu, ikasomwa hitima, ikapikwa pilau, wanaume wakakaa barazani na wanawake ndani. Baba alikuwa anapokea mikono ya watu kama mtu anayepokezwa vitu asivyojua aviweke wapi. Hakuna aliyetaja kaburi mbele yangu. Wakubwa wetu waliamini kwamba mtoto asiyeona hatateseka, na naamini walitaka kheri.

Sikuwa mjinga. Nilijua watu hufa. Lakini katika mji huu, na katika nyumba kama yetu, neno ruhusa lilikuwa kama chumvi, halikosekani chakulani. Ruhusa ya kukaa, ruhusa ya kazi, ruhusa ya kafili anayemdhamini mgeni, ruhusa ya skuli. Baba alipitia miezi akingoja ruhusa fulani, uso wake umenyauka, kisha siku moja huingia anacheka na mfuko wa matunda: imetoka! Na mambo huendelea. Sasa Mama naye anangoja ruhusa. Yuko kwenye barafu, na ruhusa ikitoka watamtoa. Niliyapanga maneno ya Shangazi hivyo, moja baada ya moja, na sikuona pengo.

Kilichoniogofya ni baridi. Chuoni, tulikosomea Kurani, mwalimu wetu, mzee wa Kipemba aliyetusomesha kwa upole na fimbo asiyoitumia, alikuwa ametufundisha kwamba Jahannamu si moto peke yake. Kuna zamhariri, baridi inayovunja mifupa, na hiyo nayo ni adhabu. Nilinyanyua mkono.

"Maalim, watu wema huwekwa kwenye baridi?"

"La, mwanangu. Wema hawaonji jua kali wala zamhariri."

Wenzangu wakaendelea kuandika. Mimi nilibaki na swali ambalo sikuweza kulitoa mbele ya watu: basi Mama alifanya nini?

Tangu hapo nyumba yetu ikawa na mtu mmoja zaidi. Friji ilikuwa sebuleni, kwa sababu jikoni haikuenea, na ilikuwa friji kongwe iliyonguruma, ikanyamaza, ikashtuka kama mtu anayeota. Shangazi akitoka kwenda kwa mafundi cherehani, mimi huweka sikio kwenye mlango wa friji. Nilisikia maji yakitembea ndani. Nilisikia kitu kikigonga, taratibu, kama ukucha. Nikifungua mlango wa juu, ule moshi mweupe hunitokea usoni na mimi husema, kwa sauti ya chini, "Mama?" Sikuwahi kujibiwa, na sikuwahi kuamini kwamba sikujibiwa. Niliacha kunywa maji baridi. Shangazi alinisifu mbele ya wageni kwamba nalinda koo langu.

Baba alikuwa seremala katika karakana moja papo hapo Satwa, iliyotengeneza magari ya farasi, yale meupe yenye pazia na maua ambayo maarusi hupandishwa kwenye mahoteli ili wapigwe picha. Jioni moja, tukiwa tumekaa mkekani tunakula wali na mchuzi wa papa, aliweka kijiko chini. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba kumwona na kitu cha kusema.

"Zuhura, nimepata kazi ya ajabu. Nataka kulitengeneza gari la farasi liingie kwenye barafu."

"Barafu gani tena, kaka?"

"Barafu. Kwenye lile jumba jipya. Wameijaza ndani, mlima mzima."

"Subhanallah! Na farasi naye anaingia?"

"Anaingia. Tunangoja ruhusa tu."

Niliacha kutafuna.

"Nani atapanda?" aliuliza Shangazi.

"Nani tena? Bibi harusi."

Ilikuwa kazi ya madam mmoja, mwandalizi wa harusi za matajiri, na bibi harusi aliyesemwa alikuwa binti wa watu nisiowajua mpaka leo. Lakini ndani ya nyumba yetu bibi harusi alikuwa mmoja. Baba alimwita Mama hivyo kila siku, hata akiwa na unga mpaka kwenye nyusi: "Bibi harusi wangu, chai ipo?" Na Mama hujibu, "Ipo, bwana harusi, jimiminie." Nilimtazama Baba usoni kuona kama atanikonyeza. Hakunikonyeza. Nikaelewa kwamba ni siri, na kwamba siri hiyo inahitaji mtoto mwenye akili.

Tangu siku hiyo, nikitoka skuli nilikwenda karakana badala ya nyumbani, nikakaa juu ya rundo la mbao nikitazama. Gari lenyewe lilikuwa la magurudumu manne, kiti chake kimevikwa mahameli nyekundu. Baba aliyatoa magurudumu yote, akayaegemeza ukutani. Mahali pake alitengeneza mbao nne nene za msaji, mbili za mbele na mbili za nyuma, akazipinda ncha kwa mvuke wa pipa la maji yanayochemka mpaka zikajikunja kwenda juu. Alikuwa akiziita nyayo.

"Gari halina miguu ya kuzunguka tena," alimwambia mwenzake. "Lina nyayo."

Mwenzake alikuwa Njoroge, fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa Nyandarua, Mkristo wa kanisa kila Ijumaa kwa sababu wakati ule hapa Ijumaa ndiyo iliyokuwa siku ya mapumziko. Alinyanyua kinyago chake cha kuchomelea akacheka.

"Fundi, hilo neno nyayo Kenya tuliimbishwa shule kumsifu Rais mpaka tukachoka. Tafuta lingine."

"Wewe lete chuma, bwana. Maneno niachie mimi."

"Na gari bila magurudumu si gari. Hicho ni kitanda."

"Basi kitanda."

"Kitanda cha nani sasa, na hiyo mahameli yote?"

"Cha mtu asiyetakiwa kuhisi baridi," alisema Baba, na akatandika blanketi la sufi ndani ya kiti, akalikunja pembeni, akalikandamiza kwa kiganja. Nakumbuka kile kiganja. Alilikandamiza kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Njoroge alinigeukia. "Na wewe, mtoto kadosho, baridi unaijua? Kwetu baridi inauma hadi ng'ombe anaomba sweta."

"Naijua," nilisema.

"Umeijulia wapi na hii Dubai ni kama jiko?"

Niliyatazama magurudumu ukutani. Nilikuwa nalinda siri.

Tatizo lilikuwa namna ya kulijaribu. Nje jua lilikuwa la kiangazi, lami inanata kwenye kandambili. Baba akatuma pikapu soko la samaki, ikarudi na magunia ya barafu iliyopondwa, ikamwagwa uani, na wakalivuta lile gari juu yake wao wenyewe, mmoja kila upande, mbio mbio kabla haijayeyuka. Watu walitoka madukani kutazama. Karakana ikanuka changu na kibua. Njoroge aliteleza akakaa chini mzima mzima kwenye maji ya samaki, na Baba akacheka, cheko la kweli, kisha akalikata katikati, kama mtu aliyejikuta anaimba msikitini. Njoroge aliona. Alibaki amekaa pale pale kwenye maji akasema taratibu, "Cheka tu, fundi. Haitamkosea mtu." Baba aliinama akaanza kuchota barafu kwa mikono na kuirudisha chini ya nyayo.

Njoroge alizivika zile nyayo ubapa wa chuma ili zisilike. Walipopata nafasi ya kwanza ya kuingia jumbani, ya majaribio tu kabla ya ruhusa yenyewe, walikwenda bila mimi. Nilikaa dirishani mpaka Maghrib. Nilikuwa nimetandika kitanda chao vizuri, nikaweka mito miwili.

Baba alirudi peke yake. Alikaa mkekani bila kuvua viatu, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya msiba.

"Vipi?" aliuliza Shangazi.

"Barafu imeshika, Zuhura. Haiachii. Tumevuta mpaka farasi kapiga magoti. Imeshika kabisa."

Leo naelewa. Chuma kilitoka kwenye jua la nje kikiwa cha moto, kikayeyusha theluji kilipoigusa, kisha yale maji yakaganda upya na kuling'ang'ania gari mahali pake. Lakini usiku ule nililala nimejifunika gubigubi na kila kiungo changu kiliuona mkono wa Mama umeshikwa na kitu cheupe, na wanaume wawili wazima wakivuta, na farasi akipiga magoti, na kile kitu hakiachii. Friji ikashtuka sebuleni. Nikajibana masikio.

Baba hakukata tamaa, maana si tabia yake. Aling'oa vyuma vyote. "Chuma kinakumbuka jua," alisema. Alitaka mbao tupu zilizoshiba nta, na gari likae mle jumbani mpaka lipoe kabisa kabla farasi hajafungwa. Kwa hiyo siku moja alikuja nyumbani mchana, akaingia chumbani, akatoka na pasi ya Mama.

Hakuna aliyeigusa pasi ile tangu Mama aende hospitali. Waya wake ulikuwa umezungushwa kwa mkono wa Mama mwenyewe, na Baba alisimama nao kidogo kabla ya kuufungua. Nilimfuata karakana. Alikuwa na paketi za mishumaa. Aliuweka mshumaa kwenye uso wa pasi, nta ikachuruzika juu ya unyayo wa msaji, kisha akaipitisha pasi polepole kwa urefu wake wote, kwenda na kurudi, kama Mama alivyokuwa akipiga kanzu yake ya Ijumaa. Mbao zikanywa. Harufu ikajaa. Ndiyo hiyo harufu.

"Pasi ya mama watoto?" aliuliza Njoroge.

"Ndiyo."

"Itaharibika, fundi."

"Haina kazi nyingine sasa," alisema Baba. Mimi nikafurahi moyoni. Niliona mantiki yake: barafu ile inamjua Mama, na itaachia kwa kitu cha Mama.

Siku mbili tatu baadaye simu ya Baba ililia tukiwa tunakula. Alisikiliza, akasema yes madam, yes madam, thank you madam, akaifunga. "Ruhusa imetoka," alimwambia Shangazi. "Alhamisi tunaingia barafuni. Safari hii inshallah itatoka."

Nilimsihi anichukue. Nililia, nikamshika kanzu. Shangazi alisema mtoto atapata homa ya mapafu. Baba alinitazama akasema, "Mwache aje. Hajaomba kitu tangu wakati ule."

Nikaweka sweta la Mama kwenye mkoba wa skuli.

Majumba ya theluji ya kuchezea kama lile sasa watoto wote wa mji huu wanayajua. Mimi niliingia kama mtu anayeingia mahali alipotajiwa na Maalim. Tulivishwa makoti makubwa ya kukodi, mlango ukafunguliwa, na ile baridi ikanikamata puani. Ilikuwa ileile. Harufu ya mlango wa juu wa friji, lakini kubwa kama mji. Paa lilikuwa mbali, na kilima cheupe kilipanda na kupotea kwenye mwanga wa bluu. Ilikuwa asubuhi, kabla wageni hawajaruhusiwa, na mashine zilinguruma nyuma ya kuta, zikanyamaza, zikashtuka. Nikamwambia Mama kimoyomoyo, tumekuja.

Gari lilikuwa limelazwa humo kwa siku nzima na sasa lilikuwa baridi kama mahali penyewe. Farasi mdogo mweupe alifungwa mbele, kwato zake zimepakwa grisi ili theluji isigande ndani. Madam alikuwa chini ya kilima na watu wake, anapuliza vidole. Njoroge alishika hatamu. Baba aliweka mnyororo mzito nyuma ya gari, wa kuburuta wakati wa kuteremka, maana gari la aina hiyo halina breki na linaweza kumparamia farasi miguuni. Kisha akanyanyua mkono wake kwangu.

"Panda, Ruku. Tuone kama linachukua mtu."

Nilikaa kwenye mahameli nyekundu. Nilijibana upande mmoja kuacha nafasi. Njoroge alisema "Haya, twende," na farasi akavuta, na kwa pumzi moja hapakuwa na kitu, kisha kukasikika mlio kama wa kitambaa kinachochanwa, na gari likaachiwa. Likateleza. Halikuwa na sauti ya magurudumu wala kutikisika. Baba alitembea pembeni, mkono wake juu ya ubavu wa gari, na machozi yalikuwa yanamtoka, labda kwa baridi. Tulipanda. Nilitazama kulia na kushoto, kila tuta, kila kivuli cha bluu. Tukafika juu, penye ukuta na mlango wa chuma uliofungwa, Njoroge akamzungusha farasi taratibu, na gari likageuka vizuri nyuma yake.

"Masha Allah," alisema Baba. "Khalas. Tunarudi."

"Baba, bado hatujamchukua."

"Hatujamchukua nani?"

"Mama." Nikafungua mkoba nikatoa sweta. "Nimemletea hili avae njiani."

Farasi alipumua, moshi ukatoka puani mwake. Njoroge aligeuza uso akautazama ukuta.

"Nani kakwambia Mama yuko huku?" Sauti ya Baba ilikuwa ndogo sana.

"Shangazi. Alisema kwenye simu yuko kwenye barafu, mnangoja ruhusa, ikitoka mtamtoa. Na ruhusa imetoka. Wewe mwenyewe umesema."

Baba akapanda garini, akakaa pale nilipoacha nafasi. Chini kule madam alipiga makofi: "Yalla, come down please! Is there a problem?"

"No problem, madam!" Njoroge aliitikia. "Horse anapumzika kidogo! Two minutes, madam!"

Baba alilichukua lile sweta akaliweka magotini. "Sikiliza, mwanangu. Mama alikuwa kwenye barafu, ni kweli. Lakini ni barafu ya hospitali, mahali wanapowekwa watu waliofariki mpaka karatasi zao zitimie. Siku chache tu. Halafu tulimtoa."

"Mlimtoa?"

"Tulimtoa. Wanawake wakamwosha kwa maji ya uvuguvugu, Shangazi yako alikuwapo. Tukamsalia. Nikamzika mimi mwenyewe."

"Alikuwa anaadhibiwa?"

"Nani, Mama yako? Astaghfirullah. Hapana. Hapana, Ruku."

"Lakini alikuwa na baridi."

Angeweza kunidanganya. Watu wengi wangefanya hivyo, na Mungu angewasamehe. Alitazama mikono yake.

"Nilimshika mkono walipomtoa," alisema. "Ulikuwa wa baridi. Nikaupuliza, nikausugua kama unavyomsugua mtoto. Haukupata joto. Na mimi tangu siku hiyo..." Alinivuta ndani ya koti lake na nikasikia moyo wake unakwenda mbio kama wa mtu aliyekimbia.

Tuliteremka hivyo, tumekaa wawili kwenye kiti cha maarusi, mnyororo ukiburuta nyuma na Njoroge akitembea mbele bila kugeuka. Gari lilikwenda kama maji. Wale watu chini walishangilia. Nadhani ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya Baba, na hakuitupia jicho.

"Niangalizie farasi," alimwambia Njoroge.

"Enda, fundi. Enda tu. Madam niachie mimi, namjua lugha."

Tulitoka nje na joto likatupiga kama mlango. Baba aliwasha pikapu ya karakana. Sikuuliza tunakwenda wapi. Mara mbili tatu aliniangalia kama mtu anayehakikisha mzigo haujaanguka.

Makaburi ya mji huu ni sahili, na nashukuru ni hivyo. Uwanja mpana wa mchanga, tuta baada ya tuta, jiwe dogo kichwani, hakuna jina wala ua. Jua lilikuwa kichwani hasa na hapakuwa na mtu mwingine ila sisi. Baba alisimama langoni akawasalimu waliolala mle, kama tulivyofundishwa. Kisha akaanza kutembea, akasita, akarudi nyuma, akabadilisha safu. Ndipo nikaelewa, na hili nalikumbuka zaidi ya theluji yote, kwamba hakuwa amerudi pale tangu siku aliyomzika. Alikuwa akiiogopa ardhi ile kama mimi nilivyoiogopa friji. Tulikuwa tumeishi nyumba moja, kila mmoja na baridi yake, na kila mmoja akidhani anamlinda mwenzake.

Alisimama mbele ya tuta moja lisilo tofauti na mengine.

"Ni hapa?"

"Ni hapa."

Tulisoma Fatiha. Sauti yake ilikatika akairudia tangu mwanzo, nami nikamngoja. Tulipomaliza nikauliza lile lililobaki, maana sikuwa na mtu mwingine wa kumuuliza.

"Na sasa? Huko chini bado anasikia baridi?"

Baba alipiga magoti, akakunja mkono wa kanzu, akanishika mkono na kuuweka juu ya kaburi, na wake akauweka pembeni ya wangu. Mchanga ulikuwa umechomwa na jua tangu alfajiri. Uliniunguza mpaka ndani ya mfupa.

Mimi niliuondoa mkono wangu mara moja. Baba hakuuondoa wake.